Mtindi, Vidonge vya Probayotiki na Afya ya Tumbo

Mtumiaji anayeingia duka la dawa la Mjini Unguja kwa shida ya tumbo huenda akaoneshwa kopo la vidonge au pakiti ya unga wenye "bakteria rafiki", kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya chupa ya mtindi. Kabla ya kulipa, inafaa ajue anachokinunua.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo walieleza mwaka 2001 kuwa probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Neno "hai" ndilo lenye uzito. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda hubaki na ladha yake, ila bakteria wake wamekwisha kufa. Kadhalika, si kila mtindi ni probayotiki, kwani faida hutegemea aina mahususi ya bakteria. Mkoani Mwanza, kikundi cha wanawake kilianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi uliotiwa Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na watafiti wa Kanada na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Aina ilijulikana kwa jina kamili. Lebo isemayo "bakteria wazuri" tu haikwambii kitu.

Mtindi wa kawaida nao una heshima yake. Bakteria wake huvunja sehemu ya sukari ya maziwa, ndiyo maana baadhi ya watu wanaojaa gesi kwa maziwa yasiyogandishwa huuvumilia. Baadhi ya probayotiki pia zimeonekana kupunguza kuharisha kunakosababishwa na dawa za antibayotiki.

Tahadhari yetu kubwa ni kwa mtoto anayeharisha. Majaribio mawili yaliyofanyika Marekani na Kanada, yakachapishwa mwaka 2018, yaliwapa mamia ya watoto wenye maradhi ya tumbo probayotiki au unga usio na dawa. Hali zao hazikutofautiana. Mtoto wa aina hiyo hupungukiwa maji na chumvi, hivyo apewe ORS na zinki, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya haraka akilegea, akiwa na damu kwenye choo au akishindwa kunywa. Fedha ya unga wa probayotiki ni afadhali iwe nauli. Watoto njiti na wenye kinga dhaifu wasipewe bila idhini ya daktari, maana bakteria hao wanaweza kuingia katika damu.

Kwa anayegandisha nyumbani, maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe kianzio. Maziwa mabichi huweza kubeba bruselosisi, na kuganda hakuiondoi kwa uhakika. Kwa anayenunua, soma tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo ya kuhifadhi. Bidhaa inayotakiwa kukaa kwenye ubaridi lakini imepangwa juani barazani, usiichukue. Ukikuta bidhaa inayodai kuponya vidonda vya tumbo au kisukari, hifadhi kopo lake pamoja na risiti, kisha utoe taarifa kwa Wakala.