Unene, Mazoezi na Kazi ya Mwili

Kaa kimya kwa dakika tano. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Andika hesabu hiyo katika daftari lako. Sasa ruka kamba kwa dakika mbili, kisha uhesabu tena. (Ikiwa hujisikii vizuri, mhesabie mwenzako.) Je, mapigo yameongezeka? Unasikia joto?

Misuli ifanyapo kazi huhitaji sukari na oksijeni zaidi, na damu ndiyo inayovipeleka huko. Sukari huungana na oksijeni, zikatoa nishati na joto. Kazi yote ya mwili ya kukitumia chakula ili kupata nishati na kujijenga huitwa umetaboli. Kazi hii haikomi hata ulalapo, kwa maana moyo, ini na ubongo havipumziki.

Chakula kikizidi mahitaji, ziada hugeuzwa kuwa mafuta, yakawekwa chini ya ngozi na ndani ya tumbo. Mafuta hayo ni akiba. Lakini yakipita kiasi, insulini, ambayo huiwezesha sukari ya damu kuingia katika misuli, huanza kushindwa na kazi yake. Sukari hubaki damuni, na baadaye mtu aweza kuugua kisukari.

Hapa ndipo mazoezi yanapofaa. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari hata kama insulini haifanyi kazi vizuri. Baada ya zoezi, misuli huendelea kuiitikia insulini vyema kwa saa nyingi. Faida hii mtu mnene huipata hata kabla hajapungua kilo moja.

Je, akipungua, mambo yamekwisha? La. Mwili uliopungua huhitaji nishati kidogo kuliko zamani. Tena, mara nyingi hubana matumizi yake kupita ilivyotazamiwa, kana kwamba unajikinga na njaa. Na hamu ya kula huzidi. Mwaka 2016 wanasayansi wa Marekani walitoa taarifa ya watu 14 waliokuwa wanene sana, ambao walishiriki mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito. Kwa majuma 30 walipungua kilo 58 kwa wastani. Miaka sita baada ya mashindano walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41, na miili yao ikiwa imepumzika bado ilitumia karibu kilojuli 2,000 kwa siku pungufu ya ilivyotazamiwa. Watu hao hawakuwa wavivu, na ni kosa kumcheka mtu ambaye unene umemrudia.

Mazoezi hayawezi kuondoa shida hiyo yote, lakini husaidia. Apunguzaye chakula peke yake hupoteza mafuta pamoja na sehemu ya misuli. Mazoezi huilinda misuli hiyo. Taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba, katika kundi lilelile, waliofaulu zaidi kuzuia unene usirudi ni wale walioongeza zaidi shughuli za mwili.

Gramu moja ya wanga hutoa karibu kilojuli 17. Tafuta ni gramu ngapi za wanga zinazotoa kilojuli 2,000. Ukimaliza, hesabu mapigo yako tena. Je, yamerudi kama yalivyokuwa ulipokuwa umekaa kimya?