Moyo Hulindwa Kabla ya Mvua

Katika Kitabu cha Mithali, sura ya 4, baba anamwusia mwanawe autunze moyo wake kwa uangalifu kupita mali yoyote, kwa sababu uhai wote wa mtu hububujika kutoka humo. Wako Wakristo wausikiao wosia huo wakadhani ya kuwa kulinda moyo ni kuufanya jiwe: usipende, usikasirike, usitamani. Sivyo hata kidogo. Mungu ndiye aliyeuumba moyo pamoja na hamu zake. Njaa hutukumbusha kuulisha mwili. Hasira ya haki humtetea mnyonge. Mapendo ya mume na mke hujenga nyumba. Basi kiasi, fadhila mojawapo katika zile kuu nne, hakiui hamu hizo. Huziongoza.

Atakayesimama Mbaha, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, akageuza uso mashariki, ataelekea milima ya Umatengo. Huko juu, katika miteremko mikali ya Mbinga, Wamatengo hulima kwa ngoro, ufundi waliourithi kwa mababu tangu kabla ya ukoloni. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, hata shamba lote likawa miraba. Kisha akina mama huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na mahindi hufuata msimu unaokuja.

Mvua ya Novemba au Desemba inapoanza, huyakuta mashimo tayari. Maji hayakatazwi kushuka, bali hupunguzwa mbio. Hutulia shimoni, huzama ardhini, hunywesha mimea. Nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Lakini mlima usio na kizuizi, mvua ile ile huuvua udongo wake na kuupeleka mtoni. Maji ni yale yale. Matayarisho ndiyo yaliyotofautiana.

Hapa ndipo wengi wetu tukosapo. Twangoja kupigana na kishawishi kikiwa kimekwisha kuwa gharika. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, asimulia habari za mama yake, Mtakatifu Monika, aliyezaliwa Afrika ya Kaskazini katika karne ya 4. Alipokuwa msichana alitumwa kuteka divai ya nyumbani. Alianza kwa kuigusa tu kwa midomo, kwa utundu wa kitoto. Kila siku akaongeza kidogo, mpaka akazoea kunywa vikombe karibu kujaa. Siku moja mjakazi aligombana naye akamtukana kwa kumwita mlevi. Neno lile lilimchoma. Akajitazama, akaiacha tabia ile mara moja. Tone halikumtisha, nalo ndilo lililomfikisha kikombeni.

Tuyatie hayo katika maisha yetu. Katika Mbinga fedha ya kahawa huja kwa msimu. Kandokando ya ziwa, mvuvi aliyebahatika usiku hushika fedha asubuhi. Baba asemaye, “Nitajizuia nikifika kilabuni,” amekwisha kuchelewa. Na aamue mapema, nyumbani, pamoja na mama wa watoto wake: hii ya shule, hii ya mbolea, hii ya matibabu, hii ya sadaka. Tena achague njia ya kurudi isiyopita kilabuni. Vivyo hivyo kwa simu, ambayo siku hizi huingiza dunia nzima chumbani mwa kijana: kuiacha sebuleni wakati wa kulala ni tuta dogo, lakini huzuia maji mengi. Nao wanandoa wasiache ugomvi ulale nao, maana neno baya la leo, lisiposamehewa, kesho huwa matusi.

Wala mtu asiseme, “Moyo ni wangu, nikianguka naanguka peke yangu.” Tuta la juu likibomoka, maji yake humwagikia shimo la chini. Ulevi wa baba hufika kwenye daftari la mtoto. Ulimi wa mama usiotawaliwa hufika kwa jirani.

Lakini mkulima hauhami mlima kwa sababu tuta moja limebomoka. Huchukua jembe akalitengeneza. Jembe letu ni kuitafiti dhamiri kila jioni, kufunga, sala ya pamoja nyumbani, na Sakramenti ya Kitubio bila kukawia. Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia, auhesabu utawala wa nafsi miongoni mwa matunda ya Roho. Yaani nguvu zetu peke yake hazitoshi, yatupasa kuomba neema.

Basi usiku huu, kabla ya taa kuzimwa, kila mmoja na ajiulize: katika moyo wangu, ni wapi maji yapitapo mbio? Hapo ndipo aanze kuchimba, wakati mbingu ingali kavu.