Mtoto haokolewi na jengo, anaokolewa na mtu



Waislamu wa mijini tukisikia neno zahanati, tunafikiria jengo. Tunachanga saruji, nondo na mabati, mgeni rasmi anakata utepe, kisha tunarudi majumbani tumeridhika. Sipingi ujenzi. Lakini naomba leo tujiulize: ndani ya jengo lile, nani atamshika mtoto mgonjwa, na mtu huyo tumemsaidia nini?

Nasema haya nikiwa Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru. Ndizi na mboga tunazokula zinateremshwa kutoka Kinole, Matombo na Mgeta. Huko juu, masika yakikolea, njia hugeuka matope. Mtoto akishikwa na degedege usiku, wa kwanza kumpokea si daktari bingwa wa watoto. Ni muuguzi au tabibu wa zahanati, pengine akiwa peke yake zamu nzima. Huyo ndiye ninayemzungumzia.

Mkoa wetu uliwahi kuufundisha ulimwengu somo kuhusu watu hawa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa msaada wa Kanada iliendesha mradi uliojulikana kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, wakati huo Mvomero ikiwa bado haijagawanywa. Hesabu zilionyesha kuwa malaria pekee ilichukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea hapa Morogoro, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Fedha zilikuwa zikienda upande mmoja, na vifo upande mwingine. Viongozi wa wilaya walipoiona hesabu hiyo, walibadili mpango.

Sambamba na hilo, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa utaratibu wa IMCI ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Mafunzo yake ni ya siku 11. Mhudumu hufundishwa kumtazama mtoto mzima, si homa yake tu. Huuliza: je, anaweza kunyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au amepoteza fahamu? Kisha huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili, pumzi 50 au zaidi kwa dakika huhesabiwa kuwa kupumua kwa kasi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Hahitaji mtambo. Anahitaji saa, mafunzo na utulivu.

Matokeo yakoje? Watafiti walilinganisha wilaya hizo mbili na jirani zao, Kilombero na Ulanga, ambako utaratibu huo ulikuwa bado haujaanza. Mwanzoni vifo vya watoto vilikuwa karibu sawa. Katika miaka miwili iliyofuata, vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zenye mafunzo. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2004 katika jarida la The Lancet. Na gharama ya kumhudumia mtoto haikuwa kubwa kuliko ya wilaya jirani.

Tusije tukadhani kuwa semina moja inatosha. Kitaifa, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 147 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 43 mwaka 2022. Alhamdulillah. Lakini kati ya hao 43, watoto 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kumwokoa mtoto mchanga asiyepumua ni kazi ya dakika moja, na mkono usiozoea hutetemeka. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iliona jambo hilo. Mafunzo ya siku moja ya mwaka 2010 hayakubadilisha utendaji katika chumba cha kujifungulia. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini, vifo vya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Imam Ghazali aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya, na akalalamika kuwa ipo miji isiyo na tabibu Mwislamu ilhali wanafunzi wanarundikana kwenye fiqhi. Ni karne tisa zimepita. Je, lalamiko lake halituhusu?

Napendekeza mambo manne. Kwanza, misikiti na jumuiya zetu zisomeshe vijana uuguzi, utabibu na udaktari wa watoto, hasa vijana wa milimani ambao wako tayari kurudi kwao. Tuliweza kuwa na Chuo Kikuu cha Waislamu hapa Morogoro. Hili nalo tunaliweza.

Pili, kabla ya kuchangia ukuta mpya, tumuulize mhudumu anakosa nini. Ana nyumba? Ana maji na taa usiku? Ana kifaa cha kumpulizia hewa mtoto mchanga, na nani humfanyisha mazoezi ya kukitumia?

Tatu, tuwaheshimu. Mhudumu anayetukanwa kwa dawa ambazo bohari haikuleta atachoka, na akihama, wanaoumia ni watoto. Kumsaidia si kumfumbia macho; naye anadaiwa kauli njema na uaminifu. Lakini tumdai tukiwa tumempa cha kufanyia kazi.

Nne, wazazi tuzijue zile dalili nne za hatari. Ukiona hata moja, usisubiri asubuhi, usianzie kwa mganga wala duka la dawa. Mhudumu hodari hawezi kumwokoa mtoto aliyecheleweshwa nyumbani.

Jengo lina thawabu yake, inshaallah. Lakini jengo halihesabu pumzi za mtoto.

Wabillahi tawfiq.