Je, Kasoro Hukanusha Utaratibu wa Muumba?

Swali: Ndugu mmoja wa Singida anayeichunguza dini anauliza: Sura Al-Mulk (67:4-5) yafundisha kwamba katika uumbaji wa Mwenyezi Mungu haionekani hitilafu. Mbona wanafizikia wasema kwamba katika vitu mna “kasoro” na “msukosuko”?

Jibu: Swali hili ni la haki. Kwanza yafaa tuelewe maana ya neno hilo kwa wenyewe. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, alikuta kitu kinachoyeyuka mara mbili: kwa nyuzi 145.5 kikawa majimaji yenye ukungu, na kwa nyuzi 178.5 kikawa angavu. Vitu vya namna hiyo huitwa fuwele miminika. Hutiririka kama maji, lakini molekuli zake hulala upande mmoja kama mabua yaliyolazwa na upepo. Pale mielekeo hiyo isipopatana ndipo paitwapo kasoro. Tazama ncha ya kidole chako: mistari hufuatana sambamba, kisha mahali hujikunja, na pengine hugawanyika pande tatu. Huo ndio mfano wake.

Ziko pia fuwele tendaji, ambazo kila sehemu hujisukuma kwa nguvu yake, kama kwelea kwelea wanaovamia mtama wa Singida, kila mmoja akiruka kwa mbawa zake bila jemadari. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, walichanganya nyuzi ndogo mno za protini na protini nyingine zizisukumazo. Kukawa na msukosuko usiokoma maadamu kemikali ya kuzitia nguvu ipo. Lakini kasoro zilizaliwa mbili mbili, moja ikihesabiwa nusu ya kujumlisha, nyingine nusu ya kutoa. Zinapokutana hutoweka zote mbili, na jumla yake ni sifuri.

Basi hata msukosuko una mizani. Atazamaye mara moja huona fujo. Arudiaye kutazama huona hesabu. Dakta Abdus Salam, Mwahmadiyya aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alizitaja aya hizi hizi katika hotuba yake ya karamu ya Nobel.

Hata hivyo, tusiifanye Kurani Tukufu kuwa kitabu cha maabara, kwani nadharia za wanadamu hubadilika. Aya hizo zatuamuru tutazame tena na tena. Kwa hiyo mtafuta ukweli asiiogope hadubini. Mwenyezi Mungu atujalie macho yasiyochoka kutazama, na nyoyo zenye kushukuru. Amin.