Kona ya Mwisho Haitaki Haraka

Wadogo zangu, leo nasema na nyinyi mnaojifunza kurusha glaida, ndege isiyo na injini. Najua baadhi yenu mko Ujerumani na Uingereza, ambako kijana huruhusiwa kuirusha peke yake tangu akiwa na miaka 14. Hongereni. Ila nisikilizeni kuhusu kona ya mwisho, ile inayowaelekeza kiwanjani.

Kona hiyo imeua marubani wengi. Upepo umekusukuma, umeupita mstari wa kiwanja, na ardhi imeshakaribia. Unaogopa kulaza ndege, basi unakanyaga pedali ili pua igeuke upesi. Bawa la ndani linapungua kasi, linaacha kubeba, na ndege inapinduka huku ikizunguka. Kule juu ungeiokoa. Kwenye mita 100, ardhi inakuwahi.

Mdogo wangu, ukishaupita mstari, kubali. Maliza kona taratibu, nyoosha mabawa, tua pembeni mwa kiwanja hata kwa mshazari. Na kile kipande cha uzi kilichobandikwa juu ya kioo mbele yako, kitazame: kikilala upande katika kona hiyo, pedali na usukani havipatani. Virekebishe kabla ya jambo lingine lolote.

Kasi nayo ipangeni mapema. Kanuni inayofundishwa sana ni hii: chukua kasi ambayo bawa huacha kubeba, zidisha kwa 1.5, kisha ongeza nusu ya kasi ya upepo wa mbele. Kama ni kilomita 70 kwa saa na upepo ni 20, njoo na 115. Kumbukeni pia kwamba ndege iliyolala nyuzi 45 huacha kubeba mapema, kasi ikiwa juu kwa karibu asilimia 20.

Ukiona hufiki, usiinue pua. Utapoteza kasi na bado hutafika. Funga breki za hewa, shika kasi yako. Otto Lilienthal, mwasisi wa urukaji huu, alikufa mwaka 1896 baada ya chombo chake kupoteza kasi na kuanguka kutoka mita kama 15 tu.

Glaida haina nafasi ya kupaa tena ujaribu upya. Kwa hiyo amueni mkiwa bado juu, na msione aibu kutua mbali na pale mlipokusudia. Ndege itasukumwa hadi mahali pake, nanyi mtarudi kwa mama zenu.