Kani si Nguvu: Istilahi za Kiswahili na Upimaji wa Molekuli za Uhai

Utangulizi

Jioni moja mtaani Mowlem, Mashariki mwa Nairobi, mtoto wa jirani aliniletea daftari lake la sayansi nimfasirie neno la Kiingereza linalotaja kusukuma na kuvuta. Nilimjibu bila kusita kuwa ni nguvu. Akageuza ukurasa, akaniuliza neno la pili, linalotaja kile tunachokipata katika chakula na makaa. Nikajibu tena: nguvu. "Mwalimu," akasema, "kwa hivyo ni kitu kimoja?" Nilinyamaza.

Makala haya yanatokana na swali hilo. Yanadai kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza hata sayansi ya vitu vidogo mno, mradi sisi wanafunzi wa lugha tutenganishe dhana ambazo mazoea yameziunganisha. Mfano wetu ni upimaji wa kani katika molekuli za viumbe hai.

Kani, nguvu na nishati

Shule za msingi nchini Tanzania zinazofundisha sayansi kwa Kiswahili hulitumia neno kani kwa maana ya msukumo au mvuto unaoweza kubadilisha mwendo au umbo la kitu. Kutokana nalo limeundwa neno kanieneo, yaani kani inayogandamiza eneo fulani. Uwezo wa kufanya kazi huitwa nishati. Neno nguvu hubaki na maana zake pana za kila siku: afya, uimara, mamlaka.

Mchuuzi wa maji wa Mowlem anapoinua mtungi wa lita 20, mkono wake hutoa kani ya takriban nyutoni 200. Nishati aliipata katika chakula chake cha asubuhi. Akichoka, husema nguvu zimemwishia. Maneno ni matatu, na dhana ni tatu.

Jinsi kani ndogo inavyopimwa

Ndani ya seli zetu mna hamali wengine. Protini iitwayo kinesini hubeba mizigo ikitembea juu ya nyuzi za seli. Mwaka 1993, Karel Svoboda, Steven Block na wenzao walionyesha kwamba hatua yake moja ina urefu wa nanomita 8, nanomita ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Kila hatua hutumia molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo chanzo cha nishati. Hamali huyu husimama akivutwa nyuma kwa kani ya takriban pikonyutoni 6. Pikonyutoni ni nyutoni moja iliyogawanywa mara trilioni moja.

Chombo kilichotumika ni kibano cha mwanga, kilichotokana na kazi ya Arthur Ashkin, aliyetunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 96. Miale ya leza hukusanywa mahali pamoja, ikanasa ushanga mdogo sana uliounganishwa na molekuli. Molekuli ikiuvuta ushanga kutoka katikati, mwanga huurudisha kama springi. Kadiri ushanga unavyosogea mbali, ndivyo kani ya kuurudisha inavyozidi. Hivyo kani yenyewe haionekani. Mtafiti huona umbali, kisha akakokotoa kani kutokana nao.

Damu ya Kilifi

Hapa nchini, suala hili linagusa maisha ya watoto. Mwaka 2020, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Silvia Kariuki na wenzake wa mpango wa KEMRI na Wellcome mjini Kilifi, wakishirikiana na watafiti wa Cambridge. Walichunguza damu ya watoto 42 wa Kilifi, baadhi yao wakiwa na aina ya damu iitwayo Dantu, inayopunguza hatari ya malaria kali. Hawakupima molekuli moja pekee, bali utando mzima wa seli nyekundu, kwa kutazama katika video jinsi unavyotetema. Waligundua kuwa utando wa seli za Dantu kwa kawaida umekazwa zaidi, na kwamba mkazo ukipita kiwango fulani, kimelea hushindwa kupenya.

Je, mzazi wa Kilifi ataelezwaje matokeo haya? Tukimwambia kuwa damu ya mwanawe "ina nguvu", ataelewa kuwa mtoto ana damu nyingi au afya tele, na huenda akakiacha chandarua. Hilo silo lililopimwa, wala Dantu haiondoi hatari yote. Ninapendekeza tukitumie kitenzi wamba, ambacho Mswahili hukitumia kwa ngozi ya ngoma, na nomino yake mwambo kwa mkazo wa utando. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ngozi iliyowambwa sana haibonyei kwa urahisi. Mzazi anayeijua ngoma ataelewa kwa nini kimelea hukwama mlangoni.

Hitimisho

Istilahi si pambo la kamusi. Mzazi anayeombwa damu ya mwanawe kwa ajili ya utafiti ana haki ya kuelewa kinachopimwa, na kuelewa huko hutegemea maneno. Ni wajibu wa vyama vyetu vya Kiswahili kuketi na wanasayansi kabla tafsiri za haraka hazijazoeleka. Nami nilirudi kwa jirani yangu nikamwomba mwanafunzi wangu afute neno nguvu mara mbili. Pa kwanza aliandika kani, pa pili nishati.