Heshima ni Deni

Somo la wiki. Maandiko: Mhubiri 9:13-16; Warumi 13:7

Mwezi uliopita vijana wetu waliniuliza kama ni vibaya kutazama filamu ya mwanamuziki wa dunia. Nikawaambia, tutazame pamoja, halafu tuongee. Filamu yenyewe ni Searching for Sugar Man ya mwaka 2012. Inamhusu Rodriguez, mwimbaji wa Detroit, Marekani. Alitoa albamu mbili, 1970 na 1971, lakini kwao hazikuuzika. Akarudi kwa kazi ya mjengo. Kumbe Afrika Kusini watu walimpenda sana, na wengi waliamini alishakufa! Mwaka 1998 akaenda huko, akaimbia maelfu.

Kijana mmoja akaniuliza, "Pasta, kwani sisi huku hatuna kama huyo?"

Tunao. Abana ba Nasery, yaani watoto wa nasari, walitoka Bunyore, hapa tu jirani, enzi hizo ikiwa bado Wilaya ya Kakamega. Shem Tube na Justo Osala walipiga magitaa, Enos Okola akapiga chupa ya Fanta. Hiyo ndiyo ilikuwa ngoma yao. Walianza miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980, masikio ya wengi yalikuwa yamehamia kwa bendi kubwa za magitaa ya umeme. Halafu mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ikakusanya rekodi zao za zamani, ikazitoa upya. Mwaka 1991 wakazuru Uingereza, na mwaka uliofuata albamu mpya ikatoka. Nilipouliza vijana nani amewahi kuwasikia, hakuna mkono hata mmoja ulioinuka.

Sasa fungua Mhubiri 9. Mji mdogo umezingirwa na mfalme mwenye nguvu. Maskini mmoja mwenye hekima anauokoa. Baadaye hakuna anayemkumbuka. Angalia vizuri: waliomsahau si maadui. Ni wale wale aliowaokoa.

Wengine tunajitetea kwamba Mungu hasahau kazi ya mtu. Ni kweli, Waebrania 6:10 inasema hivyo. Lakini hiyo ni faraja ya aliyesahauliwa, si kisingizio cha aliyesahau. Katika Warumi 13:7, Paulo anaweka heshima kwenye orodha moja na kodi na ushuru. Mimi nilisomea biashara, na kitu cha kwanza tulichofundishwa kuhusu deni ni hiki: mdai akinyamaza, deni halijafutika. Liko tu kwa kitabu.

Acha nikiri la kwangu. Nilipokabidhiwa idara ya sifa, nilitaka kinanda na vipaza sauti vizuri. Tulikuwa na mzee mmoja aliyepiga gitaa kavu, aliyeongoza nyimbo tangu kanisa likiwa chini ya mti, kabla hatujapata hata bati moja. Nikamwambia, "Baba, sasa upumzike." Akajibu, "Sawa, Mtumishi." Akahamia benchi la nyuma. Hatukumwombea mbele ya kanisa, wala hatukumshukuru. Niliona nimefanya mpango mzuri.

Baada ya ile filamu nilienda kwake. Gitaa liko ukutani, nyuzi mbili zimekatika. Nilijiandaa kulaumiwa. Yeye akaniuliza tu, "Zile nyimbo za kwanza, mlipata mtu wa kuwafundisha watoto?"

Sikuwa na jibu. Niliomba msamaha, naye akanisamehe kabla sijamaliza sentensi. Nyuzi nimenunua. Kuanzia Jumamosi hii, saa tisa, atakuwa na watoto wa shule ya Jumapili. Na Jumapili ijayo nitasema haya mbele yenu wote, kwa maana nilimwondoa mbele yenu.

Mpendwa, usingoje matanga ndio usome sifa za mtu. Usingoje mgeni atoke mbali akuonyeshe nani unaishi naye.

Kwa ushirika wa nyumbani:
1. Nani alikuleta kwa Yesu, alikulipia karo, au alikuombea ukiwa mgonjwa? Mara ya mwisho kumpigia simu ilikuwa lini?
2. Ni nani katika kanisa letu amekaa benchi la nyuma bila kuulizwa?

Ombi: Bwana, wewe hukuwasahau. Tusamehe sisi tuliowasahau, na utupe nafasi ya kulipa wakiwa hai. Amina.